Kamba Niliyoifunga Njiani

Nakivale, Jumapili alasiri

Sifa, binti yangu,

Ya chakula, ya mavazi, ya maji ya kunywa na ya vijana wa mjini mama yako amekwisha kukueleza, tena mara nyingi kiasi kwamba hata kuku wa hapa nyumbani wanaweza kuyarudia. Mimi sitayagusa. Mmekwenda nyote kanisani ili kwaya ikuage, nyumba imebaki tupu, nami nautumia utulivu huu kukuandikia jambo ambalo kila tukikaa ana kwa ana unalikatiza kwa kusema, "Baba, hayo ni ya zamani."

Kesho utapanda gari kwenda Mbarara. Utakaa kwa shangazi yako kule Ruharo, na keshokutwa utavaa koti la rangi ya machungwa lenye maandishi mgongoni, uingie sokoni kuwatoza ushuru wauza mboga. Koti lenyewe umelijaribu mbele ya kioo mara tatu tangu lilipoletwa. Ulijigeuza, ukajitazama mgongoni, ukasema, "Ni kazi ya serikali, Baba." Si kazi ya serikali. Ni kazi ya bwana mmoja aliyepanda kilimani Kamukuzi, kwenye ofisi za mji, akakodishiwa soko, kama mtu anavyokodishiwa shamba la migomba, na sasa anatafuta watu wa kumkatia ndizi. Ninaidharau kazi hiyo. Nimeandika "kazi" wala sikuandika jina lako, na nakuomba usome kama nilivyoandika.

Ulikuwa na nafasi nyingine. Mama Kato, mke wa askari kule kambini Mbarara, alikukaribisha kwenye kibanda chake uuze unga wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwetu, pamoja naye, mgawane faida. Ulikataa kwa sababu unga unaingia kwenye nywele. Sitakukataza kwenda unakotaka. Ukifika mwisho wa barua hii utaona kwamba kati ya wanaume wote wa makazi haya, mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kukataza. Lakini haki ya kusimulia ninayo, nami nitaitumia.

Nilizaliwa Kongo, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu. Ilitupangia majina, ikatupangia mavazi, ikatupangia bei ya chumvi. Nilipokuwa kijana iliamua kwamba maduka ya wageni yawe ya wananchi, nasi wananchi tukashangilia. Duka la Mgiriki mmoja katika mji wetu wa kando ya ziwa alipewa mkubwa fulani ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kupaza sauti mikutanoni. Aliuza vitambaa, akauza misumari, akauza chumvi, na mwisho akauza mbao za rafu. Ghala lilipobaki na panya peke yao, alimwita karani wa zamani wa Mgiriki, akamwuliza kwa dhati kabisa: "Hivi vitu huwa vinatoka wapi?"

Karani huyo alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa akikisimulia kisa hicho hadi machozi yanamtoka, na sikujua kamwe kama ni machozi ya kucheka.

Baadaye nikawa mwalimu. Asubuhi nilifundisha sarufi. Na kwa kuwa mwalimu wa uchumi aliondoka kwa kukosa mshahara, mchana nilifundisha uchumi, kutoka kwenye vitabu vikuukuu vya mapadre. Wataalamu wa kale wa elimu hiyo, kama nilivyowaelewa, walikuwa watu wenye dharau njema. Hawakumdharau mkulima, wala mshona viatu, wala mwuza samaki. Walimdharau mtawala anayejidhania kuwa yeye, akiwa amekaa kitini pake, anajua kuliko mwuza samaki samaki wauzwe wapi. Walisema kwamba watu wawili wakibadilishana mali kwa hiari, kila mmoja huondoka na kitu anachokithamini zaidi kuliko alichokitoa. Kama sivyo, wasingebadilishana. Mtawala walimwachia kazi chache: awazuie maadui, amzuie jirani asimwibie jirani na asivunje ahadi, ajenge barabara na madaraja ambayo hakuna mmoja wetu angeweza kuyajenga peke yake. Akishamaliza hayo, akae kimya.

Nilivifundisha vyote hivi. Nilivitolea mitihani, nikawapa wanafunzi sufuri. Nilivijua kama kasuku anavyolijua jina la mwenye nyumba.

Vita ilipotufikia, mwaka ule wa tisini na sita, ile serikali iliyojua bei ya chumvi haikujua mahali pa kusimama kati yetu na bunduki. Ilikuwa na mikono mia ya kupokea, na haikuwa na hata mmoja wa kukinga. Tukaondoka kwa miguu. Na katika njia ile yote, Sifa, nilichokiona zaidi hakikuwa maiti wala moto. Kilikuwa kamba. Kila kijiji kilikuwa na kamba yake iliyokatiza barabara, na nyuma ya kamba kijana amekaa kwenye kigoda. Kamba za mkonge, kamba za mgomba, mahali pengine waya. Mahali pamoja palikuwa na utepe wa kaseti uliotolewa kwenye redio mbovu. Upepo ulikuwa unaupeperusha, unametameta juani, na sisi, kundi zima la watu wazima wenye mizigo vichwani, tulisimama mbele yake tukangoja ruhusa. Mama yako alitoa sufuria yake kubwa ili tupite. Sufuria, mbele ya utepe wa kaseti!

Niliapa moyoni kwamba sitasimama tena mbele ya kamba. Sikufikiri kuapa kwamba sitaifunga.

Baada ya kuhangaika huku na huku tulivuka mpaka tukafika hapa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi. Wakuu wa hapa walitupa kiwanja, wakatupa jembe, halafu wakafanya jambo ambalo watu wetu hawakulielewa kwa muda mrefu: wakatuacha. Ukitaka kulima, lima. Ukitaka kuuza, uza. Ukitaka kwenda Mbarara, barabara ile pale. Watu wa ziwani tulitazamana kama tumetegwa.

Kila mwezi tuligawiwa mahindi. Aliyeyagawa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameamua kwa niaba yetu tunachokula, na sisi watu wa ziwani ugali wetu ni bugali ya muhogo. Wanawake hawakumlaumu wala hawakumwandikia maombi. Siku moja baada ya kila mgao alikuwa anakuja mfanyabiashara mmoja na gari dogo lililojaa muhogo mkavu. Alitoka Biharwe, nasi tulimwita kwa jina la kwao. Wanawake walimpa mahindi, akawapa muhogo, wakautwanga, na jioni kambi nzima ilinuka bugali. Mama yako alikwenda mbali zaidi: alitwanga mwingi, akaupeleka kambini kwa askari kule Mbarara, na wake za askari wakaupenda. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemruhusu.

Na mimi, mwalimu wa uchumi, nilitazama biashara ile nikaona wizi. Madebe mawili ya mahindi kwa debe moja la muhogo! Nilimwendea Biharwe mbele ya watu.

"Bwana, huoni kwamba unawanyonya wanawake hawa?"

Alikuwa anatafuna karanga. "Mzee, gari yangu nakunywa mafuta, hainywi maji. Kama wewe naona ni mingi, ambia hawa wamama wasilete."

"Huna huruma?"

"Huruma iko. Lakini kama mimi narudi Biharwe na huruma peke yake, bibi yangu nafunga mlango."

Wanawake wakaangua kicheko, tena kwa upande wake. Jambo hilo liliniumiza kuliko ile bei. Nilitaka mtu yule atupende. Alikuwa amesafiri njia yote ile ya vumbi kutuletea kile hasa tulichokitaka, nami nikakasirika kwa sababu alikuwa amekuja kwa ajili ya watoto wake na si kwa ajili ya wangu. Kama angekuja kwa ajili ya wangu, angekuja mara moja tu, apigwe picha, asionekane tena.

Wakati ule wanaume wa mtaa wetu walikuwa wameunda kamati ya soko, wakanichagua kuwa mwenyekiti kwa sababu nazungumza bila kukosea. Tukakutana. Tulizungumza kwa masaa kuhusu utaratibu, heshima na ulinzi wa mwananchi wa chini. Maneno hayo, Sifa, ukiyasikia yakitamkwa pamoja, shika kikapu chako vizuri. Mwishoni tukaamua kwamba hakuna atakayepeleka mahindi sokoni mpaka Biharwe akubali bei ya kamati, debe kwa debe. Mtu mmoja akauliza tutawazuiaje wanawake. Sote tukajibu karibu kwa pamoja, bila kufikiri, kama watu wanaoitikia sala: tutafunga kamba.

Hakuna ofisi iliyotuagiza. Polisi mmoja aliyepita na pikipiki alisimama akauliza, "Nani ameweka hii?" Nikasema, "Sisi wenyewe, afande, kwa ajili ya utaratibu." Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akawasha pikipiki akaenda zake. Yule alikuwa mtu wa serikali, na hakuwa na haja na kamba yetu. Wakimbizi ndio tuliokuwa na haja nayo. Tulikuwa tumeibeba kutoka kwetu, katika mizigo ambayo hatukujua tumeibeba.

Asubuhi iliyofuata wanawake walifika na mabeseni vichwani. Wakaiona kamba, wakasimama. Ilikuwa imefungwa kati ya miti miwili ya mlango wa soko. Mbuzi angeweza kuiruka. Hatukuwaambia wasimame. Walisimama tu, wakashusha mabeseni, wakajipanga mstari. Nakumbuka fahari niliyoihisi. Niliona watu wametii, nikadhani wamekubali.

Jirani yetu Mama Nyota, yule mjane mwenye sauti, ndiye pekee aliyesogea mpaka mbele.

"Mwalimu, hii mahindi ni yangu ao ni yako?"

"Mahindi haya," nilimsahihisha. "Ni yako, mama. Kamati inakulinda tu."

"Inanilinda na nani? Na muhogo?"

"Na wanyonyaji."

"Haya, Mwalimu. Leo batoto bangu batalala njaa na mahindi haya. Umesikia nimesema vizuri?"

Nilisikia. Alisema vizuri kabisa.

Biharwe alisikiliza bei yetu huku akitafuna karanga zake. Hakubishana. Alipandisha ubao wa nyuma wa gari, akaenda kuuzia mtaa mwingine, ng'ambo ya bonde. Jioni hiyo Papa Heri, mwenye duka kubwa la mtaa wetu, alikuja nyumbani na chupa mbili za soda. Alinikumbatia.

"Mwalimu, wewe ndio mutu wa akili! Ule wa Biharwe alikuwa anatuibia tu. Endelea hivyo hivyo. Usifungue hata kidogo."

Nilikunywa soda ile, na ilikuwa tamu. Haikunijia kujiuliza kwa nini tajiri wa mtaa alifurahi hivyo kwa ajili ya wajane. Haukupita muda unga wa muhogo, aliokuwa ameulundika nyuma ya duka, ukapanda bei, kisha ukapanda tena. Nikamwendea.

"Papa Heri, mbona unga umepanda hivi?"

"Unga imekuwa nguvu kupata, Mwalimu. Njia imefungwa."

"Nani ameifunga?"

Alinitazama kwa upole kabisa, kama daktari anavyomtazama mgonjwa. "Si ni wewe?"

Wale wataalamu wa kale walikuwa wamenionya kuhusu Papa Heri. Walisema kwamba mfanyabiashara anapoisifu sheria, chunguza ni mlango wa nani uliofungwa. Nilikuwa nimewafundisha vijana sentensi hiyo kwa miaka, na aliponijia na soda nikasema asante.

Halafu kikaja kikombe. Wanakamati waliosimama kwenye kamba kutwa nzima waliona kwamba kazi yao ni ngumu, na mwenye kazi hula. Basi mwanamke aliyekuwa na shida ya pekee, mgonjwa au mgeni au arusi, aliruhusiwa kupita na beseni lake kama angeacha kikombe kimoja cha mahindi. Kiliitwa kikombe cha kamati. Muda si muda kila mwanamke alikuwa na shida ya pekee. Sikukiagiza kikombe hicho. Hakuna anayekiagiza. Funga kamba tu, kikombe kitafika chenyewe. Nilikemea siku ya kwanza, nikanung'unika siku ya pili, na siku ya tatu gunia la kamati lililetwa kwangu kwa kuwa mimi ni mwenyekiti.

Mama yako hakugombana nami. Mkeka wake wa kuanikia muhogo ulibaki mtupu, njia yake ya kwenda kambini ikaota nyasi. Kila jioni aliniwekea sahani ya mahindi yaliyopondwa, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema, "Karibu, Mwenyekiti. Bugali ya kamati." Wewe ulikuwa mdogo, ukadhani ndilo jina la chakula chenyewe. Uliwahi kumwambia mgeni: "Sisi hapa tunakula kamati."

Nilikula. Katika nyumba za watu mahindi yaliingia wadudu, na mimi nilikula, nikaitisha mkutano kujadili wadudu.

Siku iliyoimaliza kamba unaikumbuka, lakini unakumbuka kicheko tu. Ngoja nikupe iliyobaki.

Ilikuwa asubuhi. Wanawake walikuwa wamejipanga kama kawaida, mimi nimesimama kando ya mti na kofia yangu. Tukaona mwanamke mnene anakuja kutoka barabara kubwa, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi, anahema kwa hasira. Alikuwa Mama Kato. Alikuwa ametoka Mbarara tangu alfajiri kumtafuta mama yako, kwa sababu wake za askari walikuwa wamekosa unga na walikuwa wakimlaumu yeye. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kamba. Hakusimama. Hakuniangalia. Mwanamke yule hakuwa amewahi katika maisha yake kutoa sufuria ili apite mahali. Alimtoa mtoto mgongoni, akaona kwamba amemlowesha, akaguna, akafungua kile kitambaa kilicholowa, akakikamua, akakitandaza juu ya kamba yangu, katikati kabisa, akakinyoosha pembe kwa pembe.

Nilisogea hatua moja.

"Mama," nikasema, "hapo..."

"Banange, mzee, nisamehe. Mtoto amekojoa mimi mgongo yote. Nakauka kidogo tu, halafu natoa." Akakigusa kitambaa kuona kama jua linakifikia. "Kamba mzuri hii. Lakini kwa nini mnatundika nguo katikati ya njia? Watu wanapita wapi?"

Halafu akainama, akapita chini yake, akaanza kuita kwa sauti: "Mama Sifa! Mama Sifa iko wapi?"

Wewe ndiwe uliyeanza kucheka. Sauti yako ilipanda peke yake. Halafu Mama Nyota akashika mbavu, akasema, "Mwalimu, na mimi niko na shuka yangu, naileta?" Neno hilo likauangusha mstari mzima. Walicheka mpaka mabeseni yakamwagika. Na walipomaliza kucheka, hawakusukuma, hawakutukana, hawakuvunja kitu. Walijitwika mabeseni, wakainama mmoja mmoja, wakapita chini ya kitambaa cha mkojo wa mtoto wa askari, wakaenda sokoni. Wanakamati waliniangalia wapate amri. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na sarufi, na vyote viwili havikufaa kitu mbele ya watu waliokwisha kuona kwamba kamba ni kamba.

Nilikukemea siku ile kwa kucheka. Nilikuambia mtoto mwenye adabu hawacheki wakubwa. Ulikuwa umefanya kazi ambayo mimi, pamoja na vitabu vyote vya mapadre, sikuifanya.

Biharwe alirudi mgao uliofuata, na hakurudi peke yake. Mtu mwingine alikuwa amesikia kwamba Wakongo wa Nakivale wanatafuta muhogo, akaja na gari lake. Magari mawili yakasimama yakitazamana, na wanawake wakawa wanatembea kutoka moja kwenda jingine wakibenua midomo. "Mwenzako anatoa mingi kuliko wewe, papa. Ongeza." Kabla ya jua kuzama ile bei ambayo kamati yangu haikuipata kwa kamba, wala kwa mikutano, wala kwa hotuba, gari la pili lilikuwa limeileta kwa kuwapo tu. Papa Heri alifunga duka mapema siku hiyo. Hakuniletea soda.

Usinielewe vibaya. Siidharau serikali. Ninaidharau serikali isiyojua pa kukomea. Ile kambi ya askari kule Mbarara ndiyo sababu umelala usingizi maisha yako yote, na mume wa Mama Kato namvulia kofia. Mwizi aliyevunja ghala la mama yako alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akafungwa, na hakimu hakutuuliza sisi ni kabila gani. Barabara utakayopita kesho hakuna mmoja wetu angeweza kuichonga. Hayo ni mambo makubwa kuliko wanavyojua wale waliozaliwa nayo. Nimeishi mahali ambapo hayakuwapo, na ambapo mambo mengine yote yasiyohitajika yalikuwapo tele.

Basi utakaposimama sokoni na koti lako, tazama pesa zinaulizwa kwa ajili ya nini. Kama ni kwa ajili ya paa, bomba la maji, mlinzi wa usiku na takataka kuzolewa, dai bila aibu. Mama aliyepata hivyo vitu anapaswa kuvilipia, na akikataa mwandike. Lakini pembezoni, nje ya ukuta, utamwona mwanamke ametandika gunia chini na mafungu manne ya nyanya. Hana paa, hana bomba, hana mlinzi. Bwana wako atakuambia umtoze au umfukuze. Atakuambia ni kwa ajili ya utaratibu. Na nakuhakikishia kwamba ndani ya soko kuna Papa Heri fulani, mwenye meza kubwa ya nyanya, atakayekununulia soda siku utakayomfukuza. Mwanamke yule akikuuliza unamlinda na nani, utamjibu nini? Mimi niliulizwa. Jibu nililokuwa nalo bado linanichefua.

Nawe utaanza na koti, na koti ni kamba iliyoshonwa mikono. Kikombe kitafuata. Kitakuja kwa adabu, fungu la dodo, mchicha wa huku, lililowekwa kando, "chukua dada, la mchana." Utakataa siku ya kwanza.

Ungependa sasa niseme: basi usiende, nenda kwa Mama Kato. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili leo, na mara mbili nimeichana. Nikikukataza nitakuwa nimefunga kamba nyingine, safari hii kwenye mlango wangu mwenyewe, na nitasema kwamba nakulinda. Wewe una miaka yako, una macho yako, unajua mambo ya maisha yako ambayo mimi, nikiwa nimekaa kitini pangu, siyajui. Labda koti lina manufaa nisiyoyaona. Sidhani. Lakini ninadhani vibaya mara kwa mara, na kuna mtaa mzima wa mashahidi.

Kwa hiyo nenda. Kibanda cha Mama Kato kipo karibu na lango la kambi. Ameniambia nafasi yako haina mwisho, na kwamba unga hutoka kwenye nywele ukijifunga kitambaa. Nimeandika tu alichosema.

Jambo la mwisho ni la sanduku lako. Kufuli lake ni bovu na bawaba moja imekatika, nikahofia lisije likafunguka juu ya gari. Nimelifunga vizuri kwa kamba. Ni ile ile. Mama yako aliifungua kwenye miti siku ile ile kabla ya giza, akaifunga nyuma ya nyumba, na tangu hapo imebeba mashuka yetu, sare zako za shule na makoti yangu bila kumsimamisha mtu. Asubuhi hii nimeifungua kutoka huko. Mama yako amelalamika kwamba ataanika wapi, nimemwambia nitamnunulia nyingine.

Ukifika Ruharo, usiikate. Ifungue polepole, utafute miti miwili nyuma ya nyumba ya shangazi yako, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Siku utakayolivua lile koti, lifue, ulianike hapo.

Baba yako